Injini Isiyo na Cheche: Historia ya Dizeli, Kutoka Augsburg Hadi Ziwa Tanganyika

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

Karibu tena katika kipindi chetu cha historia. Na wewe unayekisoma kipindi hiki kwenye karatasi, iwe umeikuta ubaoni, maktaba ya shule au kwa jirani yako, karibu pia. Vuta kigoda, tuanze.

[Mlio wa mashine ya kusaga: duk, duk, duk. Unabaki kwa chini.]

Mlio huo unaujua. Ni mashine ya kusaga unga. Umeshapanga foleni mbele yake na ndoo ya mahindi kichwani, ukiomba isizimike kabla zamu yako haijafika.

Mimi mlio wa namna hiyo niliusikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, ndani ya boti, usiku, katikati ya Ziwa Tanganyika. Tulikuwa tumetoka upande wa Kongo tukielekea Kigoma. Boti ilikuwa ya mbao, imejaa watu, magodoro, masufuria na kuku wawili waliofungwa miguu. Injini ilikuwa nyuma, chini ya mbao tulizokalia, na joto lake nililisikia miguuni. Nilikuwa naanza kusinzia.

[Mlio unakatika ghafla.]

Ikazimika. Kwanza ilikohoa, ikapanda, ikashuka, halafu kimya. Ukasikia maji tu yanagonga ubavu wa boti. Nahodha akapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akafungua kitenge chake, akanifunga mimi na yeye pamoja kiunoni. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza.

Ndipo mzee mmoja kati ya abiria akasema: "Nahodha, mwanangu, acha hiyo stata. Unamaliza betri bure. Nipe tochi."

Alichofanya mzee yule nitakueleza. Lakini ili ukielewe, inabidi kwanza tujue injini ile ilitoka wapi, na aliyeibuni alikuwa anafikiri nini. Jioni hii tuifuate historia ya injini ya dizeli, na jinsi historia hiyo inavyokusaidia kuitambua injini iliyo mbele yako na kulitafuta tatizo lake.

[Muziki mfupi.]

MTOTO ALIYEHAMISHWA NA VITA

Watu wengi wanafikiri "dizeli" ni jina la mafuta tu. Ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu.

Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris wakatakiwa kuondoka. Familia ya Diesel ikaacha nyumba, ikavuka bahari hadi London. Rudolf alikuwa na miaka 12. Kabla vita havijaisha, wazazi wake wakampeleka Augsburg, kusini mwa Ujerumani, akaishi kwa ndugu zake waliokubali kumpokea. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, jina unalolitaja ukinunua mafuta ya mashine ni la mtoto aliyeondolewa kwao na vita, akasomea kwa watu.

Alisoma kwa bidii, akafika chuo cha ufundi cha Munich. Hapo mwalimu wake, Carl von Linde, aliwafundisha jambo ambalo hakulisahau. Injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, treni na meli nyingi za wakati ule, ilikuwa inatumia sehemu ndogo sana ya joto la makaa yake. Ilikuwa haizidi moja kati ya kumi. Joto lingine lote lilikuwa linapotea.

Kuna jambo jingine lililomsumbua Diesel. Injini ya mvuke ilikuwa kubwa na ya gharama, ya tajiri mwenye kiwanda. Seremala, mfumaji au mhunzi mdogo hakuweza kuwa nayo. Diesel alitamani injini ambayo fundi mdogo angeweza kuimudu. Mashine ya kusaga ya mtaani kwako ni moja ya majibu ya tamaa ile, ingawa jibu lilichelewa kidogo kufika.

PAMPU YA BAISKELI

Wazo lenyewe unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu mara kadhaa. Gusa chini ya pampu. Ina joto. Hujawasha moto wowote, umebana hewa tu. Hewa ikibanwa haraka inapata joto.

Diesel alisema: tubane hewa ndani ya silinda kwa nguvu sana, mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Halafu tunyunyize mafuta ndani yake. Yatawaka bila kiberiti, bila plagi, bila cheche.

Aliomba hataza mwaka 1892, akaipata mwaka 1893. Mwaka huohuo, tarehe 10 Agosti, injini yake ya kwanza ilijaribiwa huko Augsburg. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kipimo kilichofungwa kwenye injini kilipasuka kwa nguvu ya mlipuko. Ikarudishwa karakana. Miaka mitatu na nusu ikapita katika kufungua, kurekebisha na kufunga. Tarehe 17 Februari 1897 ndipo ilipopimwa rasmi. Iligeuza kuwa kazi asilimia 26 ya joto la mafuta yake. Injini ya mvuke ilikuwa imeachwa mbali.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo moyo wa kipindi cha leo. Kwa kuwa Diesel aliondoa cheche, injini yake inahitaji vitu vitatu tu ili iwake: hewa ya kutosha, mgandamizo wa kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Injini ya dizeli isiyowaka imekosa kimoja kati ya hivyo vitatu. Hakuna cha nne. Stata na betri ni vya kuizungusha tu. Hata mkono wako na hendeli unaweza kufanya kazi hiyo.

[Muziki mfupi.]

INJINI INAPUNGUA UKUBWA

Ile injini ya Augsburg ilikuwa ndefu kuliko mtu na nzito mno. Haikuwa ya kuweka kwenye boti ya mvuvi. Hata hivyo ilifika majini mapema. Mwaka 1903 meli ya kubeba mafuta iitwayo Vandal ilianza kutembea kwa dizeli katika mto Volga, Urusi. Mwaka 1912 meli kubwa Selandia, iliyojengwa Copenhagen, Denmark, ilikwenda mpaka Asia ya mbali. Watu waliishangaa kwa sababu haikuwa na dohani. Meli bila dohani wakati ule ilikuwa kama nyumba bila paa.

Wavuvi wadogo wao walikuwa na kitu kingine. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amebuni, mnamo 1890, injini ambayo kichwa chake kilikuwa na tufe la chuma. Unalipasha tufe kwa taa ya moto mpaka liive, ndipo unazungusha. Mafuta yakigusa tufe la moto yanawaka. Kampuni ya Bolinder ya Sweden ilitengeneza nyingi za namna hii, zikaenea kwenye boti za uvuvi. Ukikuta katika picha ya zamani boti yenye injini ya kichwa cha mviringo na fundi ameshika taa ya moto, sasa unajua ni nini. Mgandamizo wake ni mdogo, ndiyo maana inahitaji kupashwa kwanza. Dizeli halisi haipashwi hivyo.

Kilichoizuia dizeli isiwe ndogo kilikuwa namna ya kuingiza mafuta. Diesel aliyapuliza kwa hewa iliyoshindiliwa, na hiyo ilidai kompresa kubwa kando ya injini. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch, Ujerumani, ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo inayosukuma mafuta yenyewe kwa nguvu hadi kwenye nozeli. Kompresa ikaondoka, na injini ikaweza kupungua.

Mwaka 1933, huko Osaka, Japani, Magokichi Yamaoka akafanikiwa kutengeneza dizeli ndogo ya kuuzika kwa wakulima na wavuvi. Jina la injini zake, Yanmar, linatokana na neno la Kijapani la kereng'ende, yule mdudu anayeruka juu ya mashamba ya mpunga. Uingereza nako kampuni ya Lister, katika mji wa Dursley, ilikuwa inatoa injini nzito ya silinda moja inayozunguka polepole, mizunguko 600 na zaidi kidogo kwa dakika. Baadaye mafundi wa India waliiiga sana. Injini za aina hiyo ndizo zilizosaga unga na kuvuta maji katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki.

Diesel mwenyewe hakuyaona hayo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akisafiri kwa meli ya mvuke kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye.

[Muziki mfupi.]

KUITAMBUA INJINI

Turudi ndani ya boti. Mzee alipopewa tochi, hakugusa spana. Kwanza aliitazama injini. Kibati cha namba kilikuwa kimepakwa rangi juu, hakisomeki. Akaanza kuisoma injini yenyewe, akisema kwa sauti kama mtu anayesoma barua.

"Haina plagi, ni dizeli. Nozeli ngapi? Mbili. Silinda mbili. Mapezi hayapo, mabomba ya maji yapo, hii inapozwa kwa maji ya ziwa. Ina wenzo wa kuachia mgandamizo juu. Hendeli iko wapi?"

Wewe pia unaweza kuifuata njia hiyo. Ukikuta kibati, andika kila herufi na kila namba, hata usizozielewa. Muuza vipuri anahitaji namba, si maelezo ya rangi. Rangi hupakwa upya, na injini moja inaweza kuwa imefungwa vifaa vya injini tatu. Kibati kikikosekana, tafuta namba zilizogongwa kwenye chuma cha ubavuni, mara nyingi karibu na pampu ya mafuta. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, mulika kutoka pembeni, zitajitokeza.

Kisha hesabu nozeli, utajua silinda. Tazama kama ina mapezi ya kupoza kwa hewa au mabomba ya maji. Tafuta chujio la mafuta liko wapi, pampu iko wapi, na mafuta yanapita njia gani kutoka tangini. Fuata njia hiyo kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Binti unayesikiliza, nawe fuata. Kidole chako ni sawa na cha kaka yako.

KULITAFUTA TATIZO

Mzee akamwambia nahodha azungushe kwa hendeli, naye akamulika bomba la eksozi. Ikazunguka. Hakukutoka moshi hata kidogo.

"Mafuta hayafiki," akasema.

Ona alivyojua. Mafuta yakifika ndani na yasiwake, hutoka kama moshi mweupe wenye harufu ya dizeli. Pasipo moshi wowote, hakuna mafuta yaliyofika. Katika vitu vyetu vitatu, viwili akaviweka kando kwa kutazama bomba tu.

Tangi lilikuwa na mafuta kidogo chini. Mawimbi yalipoiinamisha boti, bomba likavuta hewa badala ya mafuta. Mafundi husema injini imeingiza upepo. Na upepo huizima dizeli kwa sababu ileile ya pampu ya baiskeli: hewa inabanika, mafuta hayabaniki. Pampu inasukuma, lakini hewa iliyo bombani inajikunja tu kama godoro, na nguvu haifiki kwenye nozeli.

Kulikuwa na dumu moja la akiba. Mzee akamwomba mke wake kilemba. Mama yule alikuwa amelalamika tangu tunapanda boti kwamba mume wake ameacha sufuria, akabeba spana mbili ndani ya soksi. Akakitoa kilemba bila neno. Mafuta yakachujwa kupitia kilemba hadi tangini, na ya mwisho chini ya dumu hayakumiminwa, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini.

Halafu mzee akalegeza skrubu juu ya chujio, akawa anapampu kwa kidole gumba kile kiwenzo kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta. Likatoka povu kama la sabuni. Akaendelea mpaka povu likaisha, yakatoka mafuta matupu. Akakaza. Akafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mwisho akalegeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, nahodha akazungusha, mafuta yakachuruzika. Akakaza.

"Sasa inua wenzo. Zungusha. Zungusha kwa nguvu. Achia!"

[Mlio wa injini unarudi: duk... duk... duk, duk, duk.]

Watu hawakushangilia. Mama mmoja alianza kulia, na mzee bado alikuwa ameinama ubavuni mwa boti na tochi, akitazama kama maji ya kupozea yanatoka. Injini ya boti inaweza kuwaka vizuri na kufa dakika chache baadaye kwa joto, kama majani au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuvutia maji. Yalikuwa yanatoka. Ndipo akakaa.

MOSHI UNASEMA

Ukishaelewa vile vitu vitatu, moshi nao unaweza kuusoma.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Tazama chujio la hewa kama limejaa vumbi au unga, au injini imebebeshwa mzigo kupita nguvu zake. Kwenye boti, tazama kama kamba au nyavu zimejisokota kwenye panga.

Moshi mweupe: mafuta yanafika lakini hayawaki vizuri. Injini ni baridi, au mgandamizo umepungua, au mafuta yana maji. Ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, huenda maji ya kupozea yanaingia ndani ya silinda.

Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Mara nyingi ringi za pistoni au vali zimekwisha.

Na tahadhari tatu. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Mafuta yale hutoboa ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo lakini ni la kukimbizwa hospitali. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake chafu huua mtu kimya kimya. Na usimimine mawese kwenye tangi kwa kuwa umesikia yanawaka. Ni kweli kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mawese huganda asubuhi ya baridi, na injini yako itaziba.

[Muziki mfupi.]

MELI ILIYOPAKWA GRISI

Nimalizie na meli ambayo baadhi yenu mmeipanda. Mwaka 1913, mwaka aliotoweka Diesel, meli ya mvuke iitwayo Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915.

Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa injini za dizeli.

Kwa dizeli hiyo, mwaka 1997, Liemba ilirudisha nyumbani maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwezi wa Mei 2015 ilikwenda Kagunga, kwenye ule ufuko mwembamba, kuwachukua ndugu zetu wa Burundi na kuwaleta Kigoma. Haikuweza kufika ufukweni. Boti ndogo ndizo zilizowapeleka watu hadi ubavuni mwake.

Yule mzee wetu aliishi kambini miaka kadhaa. Alitengeneza mashine za kusaga kwa spana zilezile mbili na nyingine za kuazima, na vijana wanne walijifunza kwake. Wawili bado wanafanya kazi hiyo. Mke wake alipata sufuria nyingine.

Sasa swali la wiki, kama kawaida yetu. Mashine ya kusaga inazungushwa, haiwaki, na bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli. Kati ya vitu vitatu, kipi kinafika, na kipi unakishuku kwanza? Andika jibu lako na sababu yake, ulete studio au umpe mwakilishi wetu wa kijiji. Na ukipita kwenye mashine wiki hii, mwombe mwenye nayo ruhusa, usome kibati chake. Tuandikie umekuta nini.

Mimi ni mtangazaji wako. Tukutane wiki ijayo, saa ileile. Usiku mwema.

[Muziki wa kufungia.]